Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu "Gamba", Sanamu Ndogo ya Bronzi

Wageni wa karakana yetu hapa Ujiji, wanunuzi wanaotuandikia kutoka mikoa mingine na walimu wanaoleta wanafunzi wao huuliza mambo yanayokaribiana sana kuhusu sanamu hii. Majibu yafuatayo yameandikwa na mchongaji mwenyewe. Kwa hiyo msomaji atakuta humu maelezo ya ufundi pamoja na msimamo wangu kuhusu namna kazi ya aina hii inavyopaswa kutazamwa, kushikwa na kutunzwa.

"Gamba" ni sanamu ya namna gani?

Ni sanamu ya bronzi inayotosha kushikwa kwa mikono miwili. Urefu wake ni sentimita 14, upana sentimita 10 na uzito kilo 1.7. Ndani ina uwazi, na ukuta wake una unene wa milimita 4 hivi. Umbo lake ni mzingo mmoja na nusu unaoanzia kwenye kilele butu, ukapanuka kadiri unavyoshuka, ukaishia kwenye mdomo mpana uliolala ubavuni. Anayechungulia mdomoni huona ukuta wa ndani ukijikunja na kupotea gizani kabla hajauona mwisho wake. Haina macho wala miguu, na hakuna pambo lolote lililochorwa juu yake. Imekalishwa juu ya kitako cha mninga bila kufungwa kwa skrubu, kwa sababu nilitaka mtu aweze kuiinua.

Umbo hili limetoka wapi?

Limetoka katika gamba la konokono ambaye wanasayansi humwita Neothauma tanganyicense. Konokono huyu anapatikana katika Ziwa Tanganyika peke yake, na ndiye spishi pekee ya jenasi yake iliyobaki hai. Gamba lake huweza kufikia urefu wa sentimita 5 au zaidi kidogo. Lina tumbo la mviringo na mdomo mpana, na ni zito kuliko unavyotarajia kwa konokono wa maji baridi. Lilielezwa kisayansi mwaka 1880 na Edgar Smith wa Uingereza, ambaye mwaka huohuo alimweleza pia Tiphobia horei, konokono mwenye miiba mirefu aliyepewa jina la Edward Hore, mmisionari aliyefika hapa Ujiji mwaka 1878. Kabla yao, John Speke, aliyefika ziwani pamoja na Richard Burton mwaka 1858, alikuwa amekwisha kuondoka na magamba aliyoyakusanya, na hadi leo kuna konokono wa ziwa hili anayeitwa Spekia. Nayataja haya kwa sababu wageni wengi wanaijua Ujiji kwa mkutano wa Livingstone na Stanley wa mwaka 1871 tu, ilhali viumbe wadogo wa ufukwe huu nao wana historia yao ndefu katika vitabu vya elimu ya viumbe.

Maji ya Ziwa Tanganyika yana chokaa nyingi na si ya tindikali, kwa hiyo konokono akifa gamba lake haliyeyuki upesi. Magamba hujilimbikiza sakafuni mwa ziwa, na sehemu nyingine yametanda na kuwa mazulia mapana ambayo baadhi ya magamba yake yana umri wa mamia ya miaka. Humo wamehamia samaki. Yuko Neolamprologus multifasciatus, asiyefikia urefu wa sentimita 5, anayeishi kwa makundi, kila mmoja na gamba lake la kujificha. Yuko pia Lamprologus callipterus, ambaye dume lake hubeba magamba kwa mdomo na kuyarundika, kisha majike wadogo huingia ndani ya magamba hayo na kutaga mayai. Kwa hiyo gamba moja huanza kuwa mwili wa kiumbe kimoja, halafu likawa nyumba ya kingine kwa vizazi vingi. Uwazi uliomo ndani ya sanamu yangu umetokana na jambo hilo. Ningeweza kuisubu, yaani kuitengeneza kwa kumimina madini yaliyoyeyushwa, ikiwa imejaa na kujipunguzia kazi kubwa, lakini gamba lisilo na ndani si gamba tena.

Kwa nini basi haifanani kabisa na konokono?

Kwa sababu kilichonivuta zaidi ni namna gamba linavyokua, kuliko sura yake ya nje. Konokono haongezi gamba lake kila upande. Huongeza kwenye ukingo wa mdomo tu, kidogo kidogo, na kila anapoongeza, upana na urefu hukua kwa uwiano uleule, hivi kwamba gamba la konokono mzee lina umbo lilelile alilokuwa nalo akiwa mchanga, isipokuwa limekuwa kubwa. Ni viumbe wachache wanaoweza kukua maisha yao yote bila kubadilisha umbo. Jacob Bernoulli, mwanahisabati wa Basel aliyefariki mwaka 1705, alivutiwa mno na mzingo wa aina hii hata akataka uchongwe kwenye kaburi lake. Fundi wa mawe aliyepewa kazi hiyo alichonga mzingo mwingine, ule ambao nafasi kati ya mzunguko na mzunguko haipanuki. Makosa ya namna hiyo yamejaa katika vinyago na mapambo yanayouzwa kwa jina la konokono: mzunguko upo, kukua hakupo.

Nilipokuwa nikitafuta umbo la sanamu hii, niliondoa kila kilichokuwa cha konokono mmoja tu: mistari ya msimu, mikwaruzo, ncha iliyovunjika, rangi. Nilibakiza mzingo unaopanuka, ukingo wa mdomo, na uzito unaoelekea upande mmoja. Pia nilipunguza mizunguko hadi mmoja na nusu, kwa kuwa kila nilipoongeza mwingine jicho lilianza kuhesabu badala ya kufuata. Hii ndiyo maana ya sanaa dhahania kwangu. Kitu kinapunguzwa mpaka ibaki ile kanuni iliyokifanya kiwe hivyo kilivyo. Mtazamaji akisema anaona sikio, au wimbi, au tumbo la mama mjamzito, hajakosea, maana maumbo hayo nayo yana mkunjo unaofanana na huu. Ila mimi nilianzia kwenye gamba.

Je, sanaa ya namna hii si ya Ulaya?

Swali hili huulizwa na wanafunzi mara nyingi kuliko wazee, nami hulijibu kwa urefu kila mara.

Ni kweli kwamba wachongaji kadhaa wa Ulaya walifanya kazi kubwa katika njia hii. Constantin Brâncuși wa Romania, aliyeishi Paris hadi alipofariki mwaka 1957, aling'arisha bronzi yake kama kioo. Moja ya kazi zake, yenye asili ya ndege, ilipofika New York mwaka 1926 maafisa wa forodha walikataa kuitambua kuwa sanaa, wakaitoza ushuru wa bidhaa za chuma na madini. Shauri likaenda mahakamani, na mwaka 1928 mahakama ikaamua kuwa kitu kinaweza kuwa sanamu bila kufanana na kile kilichokizaa. Henry Moore na Barbara Hepworth wa Uingereza nao walifanya kazi wakitazama mifupa, mawe na magamba. Nimejifunza kwao, na sioni haja ya kuficha.

Lakini mwanafunzi wa Kitanzania asidhani kwamba lazima avuke bahari ili akutane na wazo hili. Wamakonde wana mtindo uitwao mawingu, ambao hauna mtu wala mnyama, ni mikunjo na matundu ya mpingo yanayozungukana, na wachongaji wake hawakuhitaji ruhusa ya mtu yeyote kuita kazi hiyo kamili. Nchini Nigeria, huko Igbo-Ukwu, mwaka 1938 mtu aliyekuwa akichimba uwanjani kwake alifukua vyombo vya bronzi, na wachimbaji wa mambo ya kale walipofanya kazi hapo mwaka 1959 na 1960 walithibitisha kuwa pamekuwa na mafundi wa hali ya juu mno; kazi hizo hukadiriwa kuwa za karne ya 9 au ya 10. Kimojawapo ni chombo cha bronzi chenye umbo la gamba kubwa la konokono, na juu yake amesimama chui. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, fundi wa Kiafrika alilitazama gamba, akalitengeneza kwa nta, akalisubu kwa bronzi. Mimi najiona nikifuata nyayo zake kuliko za mtu mwingine yeyote.

Hata hapa magharibi mwa nchi yetu na ng'ambo ya ziwa, watawala wa zamani walivaa visahani vilivyokatwa kutoka kitako cha gamba la konokono wa Bahari ya Hindi, vyenye mzingo unaoonekana wazi, kama alama ya hadhi. Wazee wetu waliuona mzingo huo kuwa na uzito wa utawala kabla ya darasa lolote la sanaa kufunguliwa Kigoma.

Bronzi ni nini, na inatofautianaje na shaba?

Bronzi ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na bati, yaani madini ya bati yale yanayochimbwa Kyerwa mkoani Kagera, wala si mabati ya kuezekea. Sisi hutumia sehemu tisa za shaba kwa sehemu moja ya bati. Shaba nyekundu ikiwa peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selisiasi, ni nzito kumiminika, hunyonya hewa, na mara nyingi hutoka na matundu. Bati likiongezwa, mchanganyiko huyeyuka kwenye joto la chini zaidi, hutiririka vizuri hadi kwenye pembe nyembamba za kalibu, yaani chombo cha kumiminia kinachotoa umbo, na ukipoa huwa mgumu kuliko shaba. Shaba ya njano, ile ya mabomba ya maji na vitasa, ni jambo jingine: humo shaba imechanganywa na zinki.

Shaba mnayotumia inatoka wapi?

Tunainunua kwa mafundi wanaosuka upya mota za umeme na pampu, ambao hubaki na nyaya za zamani zilizoungua, na kila mzigo una risiti yenye jina la muuzaji. Hatununui nyaya zilizoletwa usiku, wala waya wa aina inayotumika kwenye nguzo za umeme au za simu, hata ukiletwa kwa nusu bei. Zahanati iliyokosa umeme kwa sababu waya umekatwa ni gharama ambayo hakuna sanamu inayoweza kuilipa. Tunamwomba kila mnunuzi awaulize wasubuji wengine swali hilihili.

Shaba yenyewe si ngeni katika njia hii. Katanga, ng'ambo ya ziwa, shaba ilisubiwa kwa karne nyingi ikiwa na umbo la msalaba na kutumika kama fedha. Wanyamwezi na majirani zao waliifuata huko kwa miguu, na mmoja wa wafanyabiashara waliotoka upande wa Unyamwezi, Msiri, alijijengea utawala mkubwa wenye makao yake Bunkeya, akautawala mpaka alipouawa Desemba 1891. Misafara hiyo ilipita Tabora na Ujiji. Napenda mnunuzi wa "Gamba" ajue kwamba madini anayoyashika yamekuwa yakivuka ziwa hili tangu zamani.

Sanamu hutengenezwaje, hatua kwa hatua?

Umbo la kwanza lilifinyangwa kwa udongo. Juu ya udongo huo tulitengeneza kalibu ya mpira wa silikoni, ambayo huhifadhi kila alama ya kidole, kisha ndani ya kalibu tukamimina nta iliyoyeyuka, tukaizungusha mpaka ikashika ukutani kwa unene wa milimita 4, tukamwaga iliyobaki. Hapo hupatikana sanamu ya nta yenye uwazi, ambayo mimi mwenyewe huirekebisha kwa kisu chenye joto, moja baada ya nyingine.

Nta tunayotumia ni ya nyuki kutoka Tabora, na nisingependa kuibadilisha. Misitu ya miyombo ya Tabora imewalisha nyuki tangu enzi na enzi, na nta yake huja na harufu ya moshi na asali. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na kwenye joto la mchana wa Kigoma huanza kulainika mkononi, kwa hiyo marekebisho ya ukingo wa mdomo, ambao ndio sehemu ngumu kuliko zote, hufanywa asubuhi na mapema kabla jua halijapanda. Nta iliyolegea hudanganya, kwa maana ukingo unaodhani umenyooka huwa umeshalala.

Baada ya hapo nta huwekewa vijiti vya nta vitakavyokuwa mifereji ya kupitishia bronzi na matundu ya kutolea hewa. Uwazi wa ndani hujazwa mchanganyiko wa mchanga na jasi, na misumari midogo hupitishwa kutoka nje hadi ndani ili kiini hicho kisihame nta itakapoondoka. Kisha nje hupakwa udongo laini sana kwa burashi, tabaka kwa tabaka, kila tabaka likikauka kivulini kabla ya jingine. Tabaka za mwisho ni za udongo mzito uliochanganywa na mchanga na pumba za mpunga. Pumba huungua motoni na kuacha vitundu ambavyo hewa moto hupitia.

Kalibu huingia tanurini. Nta huyeyuka na kutoka, na pale ilipokuwepo hubaki nafasi tupu. Moto huendelea mpaka maji yote yaliyomo kwenye udongo yamekwisha, na hapa hakuna njia ya mkato. Unyevu ukibaki, bronzi inapoingia maji hugeuka mvuke ghafla na kalibu hupasuka mbele ya watu. Hatumruhusu mgeni kusimama karibu siku ya kumimina, hata akiwa na shauku kiasi gani.

Shaba huyeyushwa kwanza, na bati huongezwa mwishoni, kwa sababu bati likikaa motoni muda mrefu huungua na kupotea. Tunamimina mchanganyiko ukiwa na nyuzi 1,100 hivi. Kumimina kwenyewe hakuchukui hata dakika moja, na mkono ukisita katikati, tabaka mbili za bronzi hukutana zikiwa zimeshapoa na haziungani. Mshono huo haufichiki. Ikishapoa, kalibu huvunjwa kwa nyundo, mifereji hukatwa, misumari hutolewa na matundu yake kuzibwa kwa bronzi hiyohiyo, kiini hukwanguliwa kupitia mdomoni, na kazi ya tupa na msasa huanza. Kazi hii ya mwisho huchukua muda mrefu kuliko zote zilizotangulia. Bronzi husinyaa kidogo inapopoa, chini ya asilimia 2, ndiyo maana sanamu iliyokamilika ni ndogo kidogo kuliko nta yake.

Kwa nini hamkuichonga kwa mti?

Mti una nyuzi zinazoelekea upande mmoja, na ukingo mwembamba uliojikunja ungepasuka. Zaidi ya hayo, gamba hukua kwa kuongezwa, na nta huongezwa. Mti hupunguzwa tu.

Je, ni sanamu moja tu, au kuna nakala?

Nakala ni 8 kwa jumla, na kila moja ina namba yake, kwa mfano 3/8, iliyogongwa ndani ya mdomo pamoja na mwaka wa kusubiwa. Nchini Ufaransa, ambako utaratibu huu umewekewa kanuni, sanamu ya bronzi huhesabiwa kuwa kazi halisi ikiwa hazikuzidi 12: yaani 8 zenye namba na 4 za msanii. Sisi tumechukua zile 8 na kuishia hapo. Ya nane ikitoka, kalibu ya mpira itakatwa. Nakala hazilingani kabisa, kwa sababu kila nta imerekebishwa kwa mkono na kila rangi imetokea kwa moto wake.

Rangi hiyo ya kahawia yenye kijani imepakwa?

Hapana, si rangi ya kupaka. Ni utando uliotokana na bronzi yenyewe kuungana na kemikali. Sanamu hupashwa moto kwa tochi ya gesi, kisha hupakwa kwa burashi myeyusho wa salfaidi ya potasiamu, unaoleta kahawia hadi nyeusi. Baada yake hupakwa naitreti ya chuma, inayoleta wekundu wa udongo, na ndani ya mdomo tu hupakwa naitreti ya shaba, inayoleta kijani chenye ubuluu. Nilichagua kijani kikae ndani ili jicho likifuata mzingo likutane na rangi ya kina cha maji pale mwanga unapokwisha. Mwishoni hupakwa nta nyembamba ikiwa bado na joto.

Naruhusiwa kuishika?

Ndiyo, na karakanani kwetu mgeni hupewa sanamu mkononi kabla ya kuelezwa chochote. Mwanzoni ni ya baridi, kwa sababu bronzi hupitisha joto upesi na kulinyonya kutoka kiganjani. Baada ya muda mfupi hupata joto lako. Uzito wake umeegemea upande wa tumbo, na ukiigeuza utahisi mkono unalazimika kuufuata mzingo. Kuna mambo kuhusu umbo hili ambayo macho hayawezi kuyapata. Watu wasioona waliotutembelea wameisoma vizuri kuliko wengi wetu, wakianzia kileleni na kuteremka kwa kidole gumba hadi mdomoni.

Kushikwa kutaibadilisha. Sehemu zinazoguswa mara nyingi zitapoteza ukahawia na kung'aa, kama ulivyolainika na kung'aa mguu wa sanamu ya bronzi ya Mtakatifu Petro huko Vatikani kwa kuguswa na mahujaji wa karne nyingi. Mimi nayapenda mabadiliko hayo. Asiyeyapenda avae glavu za pamba.

Nitaitunzaje nyumbani?

Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu cha pamba. Mara moja au mbili kwa mwaka paka nta kidogo sana, iache ikauke, kisha sugua taratibu. Nta maalumu za kuhifadhia madini zinazouzwa mijini ndizo bora. Zikikosekana, nta safi ya nyuki iliyolainishwa kwa tapentaini inafaa, mradi tabaka liwe jembamba.

Sasa mambo ya kuepuka, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Usiipake mawese. Najua kwamba hapa Kigoma mawese yako kila nyumba na kwamba vinyago vya mti hupakwa mafuta vikapendeza, lakini mafuta yana asidi zake, na asidi hizo zikikutana na shaba hutengeneza utelezi wa kijani unaonata na kuendelea kula utando. Mafuta ya nazi na ya kupikia nayo ni vilevile. Usiisugue kwa ndimu, majivu wala mchanga, kama inavyofanywa kwa sinia na birika za shaba. Utapata mng'ao wa siku chache na utakuwa umeondoa rangi yote. Dawa za kung'arisha shaba zinazouzwa dukani nazo zina kazi hiyohiyo. Usiiweke chooni au mahali panaposafishwa kwa klorini.

Ninaishi Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar. Je, kuna tofauti?

Ipo. Upepo wa Ziwa Tanganyika una unyevu, lakini hauna chumvi ya bahari. Upepo wa pwani una chumvi, na kloridi iliyomo ndani yake ndiyo adui mkubwa wa bronzi. Ukiwa pwani, iweke ndani, mbali na dirisha linaloelekea baharini, na upake nta mara nne kwa mwaka badala ya mbili.

Nimeona vidoa vya kijani. Niogope?

Tazama kwanza aina yake. Kijani kilichotanda sawasawa, kigumu, kisichotoka kwa kidole, ni utando wa kawaida nao huilinda bronzi iliyo chini yake. Kijani kilichopauka, cha unga, kinachotokea kama vidonda vidogo na kurudi kila kikifutwa, ni ugonjwa wa bronzi unaosababishwa na kloridi pamoja na unyevu. Huo hauponi wenyewe. Itenge sanamu mahali pakavu, usiipake nta juu ya vidoa hivyo kwa sababu utaufungia ugonjwa ndani, na utuletee au umpelekee mhifadhi wa makumbusho.

Inaweza kuwekwa bustanini?

Bronzi inaweza kukaa nje; Sanamu ya Askari jijini Dar es Salaam imesimama tangu mwaka 1927. Lakini "Gamba" lina mdomo uliolala, litakusanya maji ya mvua na majani, na ni rahisi kuibwa. Ibaki ndani.

Mnauza pia magamba halisi ya ziwa?

Hapana. Gamba tupu lililoko sakafuni mwa ziwa lina mwenyewe, yaani samaki anayelala na kutaga humo, na mazulia ya magamba yalichukua mamia ya miaka kujilimbikiza. Konokono hawa huishi ukanda wa kandokando tu, kwa sababu ingawa ziwa lina kina cha mita 1,470, maji ya chini zaidi hayana oksijeni. Ukanda huo mwembamba ndio pia unaopokea udongo unaoporomoka kutoka kwenye milima iliyokatwa miti, na udongo huo huwafunika. Magamba tuliyotumia kama mifano ni machache, yaliyotupwa ufukweni na mawimbi, nayo bado yamo karakanani kwa ajili ya wanafunzi. Tunawaomba wageni wasiagize vijana wazamie kuwatafutia mengine.

Inasafirishwaje kutoka Kigoma?

Hufungwa kwa kitambaa cha pamba, ikawekwa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa vipande vya blanketi, na kitako cha mninga hufungwa peke yake ili visigongane. Husafiri kwa basi au kwa treni ya Reli ya Kati, iliyofika Kigoma mwaka 1914 na ambayo hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Mzigo hupewa mtu anayefahamika na hupokelewa kwa kitambulisho. Hatutumii karatasi za magazeti, maana wino na unyevu huacha alama kwenye utando.

Nikiinunua, naweza kutengenezesha nakala au kuitumia kama nembo ya biashara?

Hapana, si bila idhini ya maandishi. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, anayenunua kitu hanunui haki ya kukinakili. Haki hiyo hubaki kwa msanii maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuipiga picha ukiwa nyumbani kwako, kuionyesha kwa wageni, kuiazima shule au kuiuza tena ni ruhusa.

Imeanguka na kubonyea. Nifanye nini?

Usijaribu kuinyoosha kwa nyundo wala kwa koleo. Bronzi yenye bati ni ngumu kuliko shaba, na ukingo wa mdomo ukilazimishwa bila joto utapata ufa. Kusanya kipande chochote kilichotoka, hata kiwe kidogo, ukifunge pamoja na sanamu na ukirudishe kwetu. Ukingo hupashwa moto na kurudishwa polepole kwa nyundo ya mti, ufa huchomelewa kwa bronzi tuliyoihifadhi kutoka ile iliyomiminwa kwa nakala yako, kisha utando hurudishwa kwa moto na kemikali. Kwa nakala zote 8 kazi hiyo hufanywa bila malipo. Mwenye sanamu hulipia usafiri tu.